Kiti cha Yusta

Makambako, Jumanne jioni.

Upepo umevuma tangu alfajiri, na baridi ya Juni imeingia hadi kwenye mifupa. Nimewasha jiko la mkaa, chai ipo mezani, lakini mwili haujatulia. Naandika ili nipumue.

Leo Yusta amerudi kazini.

Kwa asiyenijua, mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda kidogo cha kufungasha maparachichi. Yusta ni mmoja wa wanawake walio chini yangu. Miezi michache iliyopita aliteleza kwenye sakafu yenye maji akiwa amebeba kreti, akavunjika mkono wa kulia. Muda wote huo amekuwa kwa dada yake kule mtaa wa Ramadhani, Njombe, akisubiri mfupa uunge. Wiki iliyopita akanipigia simu. Daktari amemruhusu kufanya kazi, ila asibebe kitu kizito kwa sasa. Akauliza kama bado ana nafasi. Nikamjibu, "Njoo, tutapanga."

Ni rahisi kusema tutapanga ukiwa umekaa nyumbani.

Asubuhi nilimkuta getini, amewatangulia wenzake wote. "Kamwene, dada," akanisalimia, mkono ameuficha ndani ya sweta. Nikampeleka kwenye meza ya kubandika lebo, kazi pekee ya kukaa tuliyo nayo. Kiti hicho kilikuwa cha Fausta, mwenzake wa zamu. Nikamhamishia Fausta kwenye kubeba kreti, bila maelezo, kama mtu anayehamisha ndoo.

"Kwa hiyo asiyeumia ndiye anayeadhibiwa?" Fausta akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika. Wengine wakacheka chinichini. Nikajifanya sijasikia.

Yusta alisikia.

Nilipoingia chumba cha baridi kukagua mzigo, aliondoka kwenye kiti, akaenda kuinua kreti ili wenzake wamwone. Mkono ukakataa. Niliporudi, maparachichi yalikuwa yametapakaa sakafuni, Yusta kapiga magoti anayaokota kwa mkono wa kushoto, na meneja wetu, aliyekuja kutoka Njombe kwa ajili ya lori la leo, amesimama pembeni yake.

"Huyu si ndiye aliyeumia?" akaniuliza. "Mwambie arudi nyumbani. Akipona kabisa atakuja."

Sote tunajua maana ya "atakuja". Nafasi ingejazwa wiki hii hii.

Badala ya kumtetea, nikatazama karatasi za mzigo. Nakiri hapa, kwa kuwa pale sikuthubutu: kitu cha kwanza nilichokiwaza ni kazi yangu mwenyewe. Usimamizi nimeupata mwaka huu tu, na wanaoutamani wapo.

Yusta akasema bila kuinua uso, "Dada hakunituma, bosi. Nimebeba mwenyewe."

Alikuwa ananitetea. Mimi!

Ndipo ulimi ukafunguka. "Bosi, amebeba kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo nimeileta mimi. Sikuzungumza na watu kabla ya kuwapanga. Kubandika lebo anaweza, kuchambua matunda anaweza. Naomba abaki."

"Na akiumia tena, nani atajibu?"

"Mimi."

Akatazama saa yake. "Lori litoke kabla ya giza. Likichelewa, wewe na yeye msinitafutie sababu." Akaingia ofisini.

Nikavaa glavu, nikaenda kubeba kreti kando ya Fausta. Mgongo ulianza kuuma mapema kuliko nilivyotegemea, na hasira zake nikaanza kuzielewa. Nikamwambia, "Fausta, nilikuhamisha vibaya. Nilipaswa kukuuliza."

Akaendelea kubeba.

"Yusta hana kosa," akasema hatimaye. "Ila wewe unatupanga kama mzigo. Tubadilishane. Asubuhi nibebe mimi, mchana abebe Mama Shukuru wa kuchambua, asielemewe mtu mmoja siku nzima. Yusta mwache palepale."

Wazo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo. Sikuwa nalo kwa sababu sikuuliza.

Lori lilitoka mwanga ukiwa bado upo, kidogo tu. Meneja akapanda gari lake kurudi Njombe bila kuniambia neno. Sijui ukimya ule ni ruhusa au ni onyo.

Mkono wa Yusta umevimba. Nimemwambia kesho aanzie kwa daktari, kiti chake kitamsubiri. "Kweli, dada?" akauliza. Nikasema kweli. Moyoni sikuwa na uhakika huo.

Kesho, kabla mashine haijawashwa, nitawakusanya wote na kuwaambia tunavyobadilishana, na kwamba wazo ni la Fausta. Yusta nitamwambia mwenyewe akifika. Meneja akipiga simu kumkataa, nitarudia nilichomwambia leo.

Lakini je, safari hii nitasema mara moja, au nitasubiri tena aliyeumia anitetee?