Jini wa Upande wa Kulia

Dada Rehema, shikamoo. Hili sijamwambia mtu yeyote: lile jini wanaloliogopa wenzangu wa hoki hapa Mpwapwa ni mimi.

Jana tulikuwa sare, dakika za mwisho, nami mchezaji wa akiba nimesimama nje ya mstari wa kulia. Upepo ukaleta vumbi jekundu, uwanja wote ukapotea. Tukawa tunasikia magongo yakigongana kama hayana wenyewe. Kapteni wetu, Asha, akaita, “Kulia yupo nani?” Sauti ikajibu, “Mimi! Lete!” Kumbe imetoka kinywani mwangu. Asha akapiga, mpira ukatoka nje hadi miguuni pangu, wapinzani wakaurudisha uwanjani haraka, tukafungwa.

Wenzangu wanaapa, “Shoga, ile haikuwa sauti ya mtu!” Hawaitambui, maana hawajawahi kunisikia nikipaza sauti. Asha hakusingizia vumbi wala jini. Alimwambia mwalimu, “Pasi nimetoa mimi,” akavuliwa ukapteni palepale. Nilivyomwona amesimama vile, nilijua woga wangu umezidi.

Nasikia ndara za Asha zinakuja mlangoni mwa bweni. Kadi hii nilikuwa nimeifunika kwa daftari, nimeliondoa, aisome. Niombee, dada, na mkumbatie Mama kwa ajili yangu.