Baba, Bogenvilia Yako Haijachanua

Mwaka umekatika, Baba, tangu utoke hapa kwa miguu yako ukisema unakwenda kupasuliwa ngiri na kurudi. Ngiri, jamani! Wenzako wanapasuliwa ngiri asubuhi, jioni wanalalamikia chakula cha hospitali. Wewe hukurudi. Tukisema tumezoea tutakuwa waongo.

Ulikuwa fundi viatu, na mkasi uliokata ngozi mchana ndio uliopunguza bogenvilia yako pale getini jioni. Uliiotesha kwa kijiti ulichookota kwenye takataka za ofisi fulani. Mama akakucheka: "Fundi, siku hizi unapanda kuni?" Kuni hiyo ikafunika geti zima kwa maua. Watu wakisimama kupiga picha ulijifanya huwaoni, kumbe kichwa kimekuvimba.

Ulikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa maji. Aliyeonekana na ndoo karibu na geti alikiona cha moto. "Ukiidekeza inatoa majani matupu! Iacheni isikie kiu, itachanua yenyewe."

Basi tangu tukuzike, Mama anaimwagilia kila asubuhi. Ndoo nzima, Baba. Majani yakashamiri kama mchicha, ua hata moja hakuna. Sasa yamekuwa manjano, na shina linatoa uvundo. Jirani anayeuza miche alichungulia akatikisa kichwa: "Mizizi inaoza hiyo."

Tulitaka maua ya kukuletea makaburini leo. Kitindamimba wako akashindwa kujizuia, akamshika Mama mkono wenye ndoo. "Mama, unaiua! Baba alikataza maji, umesahau?"

Mama hakupandisha sauti.

"Na daktari naye alikataza. Baba yenu aliniomba maji tangu asubuhi. Wanasema asinywe mpaka apasuliwe, na foleni haisogei. Akaniomba hata ya kulowesha midomo tu. Chupa ilikuwa mkobani mwangu. Nikamwambia, 'Vumilia, mume wangu, tusije tukagombezwa.' Akaingia huko ndani na kiu yake, hakutoka. Leo na nyinyi mnanifundisha kunyima maji?"

Hatukuwa tunajua, Baba. Mwaka mzima amekaa nalo moyoni peke yake. Tusiambiwe tupoe. Wale wa hospitali walikuacha kwenye kiti cha foleni kutwa nzima, wakiitana chai mbele yako, na hakuna aliyekuja kutuambia hata pole.

Kitindamimba aliuachia mkono wa Mama. Kisha akaenda bombani, akamjazia Mama ndoo ya pili.

Kwa hiyo leo tumekuja kwako mikono mitupu. Bogenvilia yako inakufa nasi tunaiangalia. Utusamehe, Mama ndiye tuliyebaki naye.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye hadi leo anakuita Fundi, binti yako mkubwa ambaye ni mwalimu, mwanao dereva, kitindamimba wako fundi sofa, na wajukuu waliokuita Babu Soli.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Baba. Na foleni ile pia hatutaisahau.