Fundo la Tai ya Kamau

Jumatatu, 10 Agosti 1970

Mvua tangu asubuhi. Nimeshona mashati matatu ya shule, yote kubadilisha kola. Mchana nikampima mwanangu Njoroge shingo, akacheka mpaka nikaangusha kamba ya kupimia. Ana miaka minne. Jumamosi kamati inagawa mashamba hapa Munyaka, na mama mkwe wangu, Cucu, yaani bibi yake mtoto, ameshakata shauri: mtoto atasimama badala ya marehemu baba yake, tena na tai. "Bwana yangu hawezi enda kwa kamati shingo wazi kama ng'ombe ya mnada." Humwita bwana kwa sababu mtoto amepewa jina la babu yake, mume wa Cucu. Nacheka, lakini naogopa. Mume wangu Kamau alimaliza kulipia hisa yetu ya shamba kabla ya kufa. Sasa watu wananong'ona kwamba mjane hapewi shamba.

Jumatano, 12 Agosti

Mzee Abdi wa dukani alinitafutia kipande cha kitambaa chekundu. "Chukua, Mama Njoroge. Imebaki hii tu." Nikakikata wima, kufuata uzi, ili kibaki kipande cha leso. Uchoyo! Tai hukatwa mshazari, hata aliyeanza kujifunza cherehani jana anajua. Nilipoitundika ikajisokota kama utumbo. Nimejikasirikia siku nzima. Kitambaa kingine hakuna.

Alhamisi, 13 Agosti

Cucu anatazama msumari wa ukutani. Najua anachotaka: nimpunguzie mtoto ile ya baba yake.

Tai ya Kamau iko pale, ya buluu, tangu alipougua. Rafiki yake wa kule Kimumu alimfundisha kuifunga siku ya harusi yetu. Alifunga mara moja, fundo likakaa sawa, akaogopa kulifungua asije akasahau. Tangu siku hiyo alikuwa anailegeza tu na kuivua kupitia kichwani, kama kofia, halafu msumarini. Kila Jumapili. Nilimcheka sana. Natamani nimcheke tena.

Fundo lile ni la mikono yake. Silikati. Nimemwambia Cucu hivyo, kwa sauti nisiyopaswa kumtolea. Kamau alikuwa wake kabla hajawa wangu.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimeikata. Si fundo.

Nilianzia chini. Nikafumua mshono wa nyuma, nikapunguza pande zote mbili, nikakunja upya, nikashona kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana. Fundo nikalishikiza kwa uzi lisilegee. Kipande cha kuzunguka shingo nikakitoa, nikaweka mpira wa kuvutika. Kumbe bado ilikuwa na harufu ya sabuni yake ya kunyolea. Nikalia juu ya kazi. Cucu akaniletea uji, akakaa nami mpaka nikamaliza.

Fundo ni kubwa. Linamjaa mtoto kidevuni.

Jumamosi, 15 Agosti

Matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mwenyekiti akasoma: "Kamau Njoroge." Mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti: "Huyo si alikufa? Hiyo shamba irudi kwa kamati!"

Njoroge akatoka mbele kama alivyofundishwa. Mwenyekiti akainama. "Na wewe ni nani?" Maneno yote aliyofundishwa na Cucu yakampotea. Akaishika tai kwa mikono miwili. "Mimi ni bwana ya Cucu."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alimtazama Cucu, akamtazama mtoto, akaniuliza anaitwa nani. Nikasema Njoroge.

"Basi jina haijakufa. Mwenye shamba amefika."

Wakapiga kigingi cha mpaka wa shamba letu mbele yetu. Cucu alipiga vigelegele peke yake mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa nampangusa mtoto matope ambayo hayakuwapo.

Jumapili, 16 Agosti

Kanisani, halafu nyumbani. Manyunyu. Cucu na mimi tuliketi jikoni tukimenya viazi.

Njoroge aliingia amechoka. Akavuta mpira, akaivua tai kupitia kichwani, polepole, asiharibu fundo. Akaburuta kigoda mpaka ukutani, akapanda, akaitundika kwenye msumari.

Baba yake alipokufa, mtoto alikuwa hajaanza hata kutembea. Sikumwonyesha baba yake alivyokuwa akiivua. Cucu anasema naye hakumwonyesha.

Tukaendelea kumenya viazi.