Zivunde Zote

Shela, 3 Februari 2024

Mkwe wangu Mugambi,

Asalaam alaikum. Mimi mzima, ila mgongo, nao ukizidi nautukana ukatulia. Mwanangu Nasreen na mimba yake wako vipi huko Kizingitini? Simu nimeitupa baharini, yalia kama mbuzi. Barua hii atakuletea nahodha wa boti.

Jana alikuja Shukri, huyu wa duka la vinyago. Ataka santuri aloniwachia yule mzungu niloilinda nyumba yake hata akafa. Azitia juu ya makaa zikalegea, azikunja bakuli, auzia watalii watie matunda. Nikamwambia ziko kwa mkwe wangu fundi redio, azinakili, na wewe hutaziona ila kaburini. Akanisukuma. Nikatwaa mchi wa kinu nikamtia wa mdomo. Meno yake mawili ninayo hapa mezani. Hapana mwanamume Shela kama mimi, uliza.

Zile za kale, za udi wa Kizungu, zitunze kama mato yako. Udi waliutwaa kwetu Waarabu na Waswahili, hata wasipokiri. Zile za makelele, za wimbo mmoja kujaza upande mzima, sikiza utakavyo. Lakini zote usizivunde.

Mkweo,
Famau


Kizingitini, 6 Februari

Baba mkwe,

Shikamoo. Sisi wazima. Nasreen anakula maembe mabichi na kunigombeza, kwa hivyo mimba iko sawa.

Hazitavunda, mzee, santuri si samaki. Nimeshanakili nusu. Jana nilisikiza ule wimbo wa upande mzima: ngoma inahesabu saba, kinanda kinahesabu nne, vinakimbizana mpaka vinapatana mwisho. Nasreen anasema ni watu wanahama nyumba. Lakini nilipoweka ile ya udi, hata yeye aliacha kuosha vyombo akaja kukaa.

Ungenyamaza tu, usimwambie Shukri ziko wapi. Watu wake wameonekana gatini hapa. Njoo ukae nasi.

Mkweo,
Mugambi


Shela, 9 Februari

Mkwe,

Salamu na dua. Sihami. Simba hahamishwi na paka.

Shukri alirudi na wenziwe wanne. Punda wangu wamemkata shingo mlangoni. Mimi wamenitia rungu la mkono wa kushoto, mfupa umetoka nde. Lakini mmoja wao nimemng'ata sikio nikalitema uani, kuku wakaligombania.

Sasa waja kwako. Basi sikiza neno langu moja, usiongeze usipunguze. Wakigonga mlango, zivunde. Zivunde zote, mimi niko radhi.

Mkweo,
Famau


Kizingitini, 17 Februari

Baba mkwe,

Shikamoo. Nasreen yuko hai, na mimba iko. Naanza na hilo.

Walikuja jana, majirani wakiwa msikitini. Walimwaga petroli mlangoni, sisi tuko ndani, Shukri ameshika kiberiti. Nikakumbuka barua yako: zivunde zote, uko radhi. Nikasema, mzee ameamua zikaoze zinakokwenda, heri santuri kuliko mtu. Nikafungua, nikawapa sanduku. Bado walinipiga. Mbavu zimeingia ndani, na Shukri alinikanyaga vidole kimoja kimoja, akisema fundi hatashika waya tena.

Baadaye Nasreen akasoma barua yako, akakaa sakafuni. Akasema, "Mugambi, kwetu kuvunda ni kuvunja. Baba alitaka uzivunje mbele ya mato ya Shukri."

Nisamehe. Na nakuomba, usiende kwa Shukri. Mwandiko huu ni wa Nasreen, vidole vyangu havishiki kalamu. Naye anakuomba.

Mkweo,
Mugambi


Amu, rumande, 23 Februari

Mkwe,

Salamu za korokoroni. Chai yao ni maji yaliyotishwa. Mkono waoza, mimi sijambo.

Wewe ulisilimu, ulimi wako haujasilimu. Miaka yote umelala na Nasreen na hujui kuvunda. Haya. Yuko hai, nimesoma. Mlango ulifungua vyema, na hilo silirudii.

Nilikwenda. Dukani bakuli zimepangwa mpaka nde. Wimbo wako wa upande mzima umetiwa ndizi. Shukri alikuwa akipuliza makaa, mkononi ile ya udi, ya mwisho. Nikamtia mchi wa kitwa, mchi ule ule. Santuri ikamponyoka, akaangukia jiko. Watu wake walinitazama, mzee wa mkono mmoja, wakakimbia. Andika hilo, waliokimbia ni wao.

Nikaipangusa santuri kwa kikoi, nikaiweka kwenye mashine aloweka kupendezesha watalii. Udi ukaanza polepole kama mtu aingiaye nyumbani kwake. Shukri alikuwa akikoroma, aniharibia. Nilipogeuza upande wa pili alikuwa amenyamaza.

Polisi Kiprotich akaja akaniuliza, mzee, umemfanya nini huyu? Nikamjibu, nimemvunda. Akajishika pua, akauliza tangu lini.

Santuri wameitwaa, wasema ni ushahidi. Wakimaliza nayo iombe, mtoto asikize. Na wakikuita mahakamani usijaribu Kiamu, utanitia kwenye neno lingine. Sema kwa Kiswahili chenu: alimvunja, kisha akageuza upande wa pili.

Mkweo,
Famau