Chumba cha mzee kimezidi mita moja

Kaka, chumba cha mzee kinabomolewa. Nakwambia kinabomolewa!

Mkaguzi wa ujenzi kaja leo na tepu yake. Mwisho wa kimo cha chumba ni mita tatu. Si nilipima tatu kamili, wewe mwenyewe ukanishikia tepu?

Kumbe kwenye mteremko wanapima kuanzia ardhi ya asili, kule chini. Mimi nilipimia juu ya kifusi nilichojaza. Nimezidi mita nzima!

Nikamwambia, "Bosi, nikishusha paa litatugonga vichwa. Nikishusha sakafu, patakuwa na ngazi. Baba yuko kwenye kiti cha magurudumu, ataingiaje?"

"Kijana, ungekuja ofisini kuuliza."

Sasa sikia. Mzee akajisukuma mpaka mlangoni, akasema, "Mwanangu hana kosa. Mimi ndiye niliyemwagiza ajaze kifusi."

Uongo, kaka! Uongo mtupu! Mzee alinikataza mara tatu, akaniambia nikaulize kwanza, mimi nikamwona mwoga. Mzee huyu hajui kudanganya hata mtoto.

Na mimi je? Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikaacha karatasi ya amri ya kubomoa iandikwe jina la mzee.