Mama, Tumewarudishia Mawe Yao

Mama,

Ninakuandikia mgongo ukiniuma, maumivu yale yale ya Jumamosi za zamani, na safari hii sitaki unihurumie. Nataka usikie kwangu tulichofanya, kabla hajafika huko mtu mwingine kukupasha habari vibaya.

Baba mdogo alikuja siku tatu baada ya misa yako ya arobaini. Alikuja na mzee wa nyumba kumi na karatasi isiyo na jina lako ndani ya bahasha, akakaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa. Akasema: “Hii parcelle ni ya familia. Mama yenu alikuwa anaikala humu tu.” Tuhame kabla mwezi haujaisha, kuna mtu anataka kuinunua ajenge. Watoto tisa uliotulea ukiwa mjane, tukawa wageni siku hiyo hiyo.

Kasereka alisimama, mishipa ya shingo imemtoka, unamjua mwanao. Nilimvuta shati akae. Mimi nilikuwa nakumbuka jinsi tulivyoipata parcelle hiyo, kipande hiki cha ardhi. Papa alipokufa, ndugu zake waligawana penye rutuba, wakakupa wewe hii ya Murara ambayo volkano ilikuwa imeifunika kwa mawe meusi. Hata mbuzi asingepata cha kutafuna. Walidhani utakata tamaa urudi kwenu Butembo. Ukakaza kitenge kiunoni ukasema: “Jiwe si mutu, haliwezi kunifukuza.”

Ndipo ilipoanza kazi niliyoichukia kuliko kusugua masufuria, kuliko kuteka maji. Kubeba udongo. Yeyote aliyetoka nje alitakiwa arudi nao, awe ametoka shule au ametumwa chumvi tu. “Mutu asirudie mikono mitupu.” Wewe mwenyewe ulipotoka mji wa Kiwanja na maharagi yako ya kuuza, juu ya lori palikuwa na gunia moja la udongo, na dereva alikucheka mpaka mlangoni. Mimi wangu niliubeba ndani ya mfuko wa shule. Madaftari yangu yalinuka shamba, na darasani waliniita Fuko. Siku moja nilichoka, nikaumwaga mtaroni. Hukunipiga. Ulinirudisha njia yote peke yangu nikauzoe kwa kijiko. Nilikuchukia, Mama. Nakuambia leo kwa sababu huwezi tena kunituma.

Na ile mvua ya kwanza. Tulikuwa tumetandaza udongo wa miezi miwili bila kuziba nyufa za mawe, na asubuhi tukakuta mawe yameoshwa safi, udongo wote umezama chini. Kavira, kitinda mimba wako, alilia kama amefiwa. Ulikaa juu ya beseni lililopinduliwa, ukasema: “Jiwe lilikuwa na njaa. Limekula. Tuanze tena.” Tukaziba nyufa kwa magunia, kwa nguo kuukuu, hata kwa shati la Papa. Ilichukua miaka. Lakini tulikula mboga za lengalenga na vitunguu vilivyoota juu ya volkano, na majirani walikuja kununua kwetu.

Kwa hiyo nilimwuliza Baba mdogo kwa sauti ya mtoto mwenye adabu: “Baba mudogo, wakati mulimupa Mama hii parcelle, ilikuwa na nini?” Akacheka. “Mawe tu.” Nikamwambia, mzee wa nyumba kumi akisikia, kwamba tutamrudishia kama ilivyokuwa. Akanisifu. Alisema kati yetu wote ni mimi niliyerithi akili ya Papa.

Jumamosi tulifika saba. Mmoja yuko Butembo, mwingine Bunagana, na njia za siku hizi si za kuchezea. Hakuna aliyetoa amri, lakini tulijikuta tumejipanga mstari, mkubwa mbele, kama ulivyozoea kutupanga Jumamosi za kubeba udongo. Kasereka alileta chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, mbao zikalia chini ya magunia. Tulichimba kwa majembe, tukakwangua kwa vijiko, tukamaliza kwa ufagio. Kavira ni muuguzi sasa, ila alibeba beseni kichwani huku akilalamika vile vile. Kwenye ufa mmoja tukakuta shati la Papa, limebaki kola. Kavira alitaka kulitoa. Nikamwambia aliache, Papa alikuwa wa familia yao, wabaki naye. Baadaye nililia kwa ajili ya kola ile, lakini sikuirudia.

Saa tisa Baba mdogo akaja na mnunuzi wake. Akakuta mawe meusi yaliyofagiliwa. “Mumeniibia!” Majirani walikuwa wamejaa ukutani. Mzee wa nyumba kumi akamwuliza ameibiwa nini. Akasema polepole: “Udongo.” Mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Nilimkabidhi Baba mdogo ufunguo wa nyumba kwa mikono miwili, kama ulivyotufundisha kumpa mkubwa kitu.

Sasa udongo wako uko kwangu Majengo, juu ya mawe yangu mwenyewe, na karatasi ya parcelle ina jina langu. Wanangu wanasaidia kuutandaza. Mkubwa wao aliniambia hizi si kazi za watoto wa siku hizi. Nikambadilishia beseni, nikampa kubwa zaidi.

Shangazi anasema nimekata undugu, niende nikapige magoti. Siendi. Undugu wao nao tumewarudishia kama tulivyoupokea.

Pumzika, Mama, kazi yako umeimaliza. Mimi nakuahidi hili moja: kabla mvua hizi hazijakatika, jina la binti yangu litaandikwa chini ya langu kwenye karatasi ile. Siku nikifa, atakayekuja na bahasha atamkuta mwenye nyumba amekaa kwenye kiti chake.

Binti yako, Masika