Ruhusa Ile Ina Jina Langu

Nyumba za Watumishi wa Hospitali,
Muleba, Kagera.
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Theopista,

Shikamoo. Habari za Mtwara na joto lake? Goti lako la kushoto linaendeleaje, na zile dawa ulizoandikiwa unazimeza au zimekaa juu ya kabati kama za mwaka jana? Presha ya mzee wako Rugaibula imeshuka? Sisi huku hatujambo. Asimwe ametimiza miaka minne na anaongea kuliko redio. Baba, kaka yako, kule Kanazi anaanika kahawa yake ya mwisho, na kila wingu likipita anaanza kugombana nalo.

Nimekuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza sentensi, unaimalizia wewe. Leo itabidi unisikilize mpaka mwisho, kwa hiyo vaa miwani.

Nimesikia mama mkwe wangu amekupigia. Nimesikia pia kwamba umekubali kuja, na kwamba Jumamosi ya tarehe nne Oktoba tutakaa kikao nyumbani kwao ili uniambie nimwachie mume wangu Projestus ruhusa ya kwenda kusoma. Shangazi, ulikubali baada ya kusikia upande mmoja. Huu hapa ni wa pili.

Unajua kwamba mimi na mume wangu sote ni madaktari wa kawaida hapa hospitalini, na tangu tuoane tunataka kusomea ubingwa. Yeye anataka magonjwa ya watoto, mimi nataka upasuaji wa mifupa. Mwaka jana kila mmoja aliomba kivyake, tukiamini mambo yatajipanga. Projestus akapata Dar es Salaam, mimi nikapata Moshi, na Asimwe hakuwa na wa kumfuata. Tukaziacha nafasi zote mbili, na kwa aibu hatukumwambia mtu.

Mwaka huu tulikaa mezani kama kamati ya harusi. Tukaorodhesha vyuo, tukakata kila ambacho hakikutufaa sote wawili, mpaka ikabaki Mwanza. Tulijaza fomu jioni moja, kila mmoja akikagua ya mwenzake kabla ya kutuma. Mwezi wa nane majibu yakatoka. Sote tumepata, chuo kimoja, mwaka mmoja. Nilimnyanyua Projestus pale sebuleni, na mzito ni mzito kweli.

Furaha ile ilidumu siku tisa. Mganga mfawidhi alituita ofisini akasema madaktari ni wachache, mwaka huu anaweza kumruhusu mmoja wetu tu. Simlaumu. Nimekesha naye zamu nyingi, najua wodi inavyokuwa akibaki daktari mmoja. Alitutaka tumpe jina.

Hapa ndipo uliposimuliwa vibaya. Umeambiwa nilinyakua. Projestus ndiye aliyelitaja jina langu, tena kabla sijafungua mdomo. Hoja yake ni nyepesi: kwenye watoto walichukua wanafunzi kumi na wanane, kwenye mifupa watatu. Yeye mwakani ataomba tena na ana matumaini makubwa. Mimi nikiiacha hii sijui nitaipata tena lini. Kwa hiyo natangulia, naye mwakani anifuate Mwanza na mtoto. Mwaka huu Asimwe atabaki na baba yake.

Hilo la mwisho ndilo lililowasha moto. Mama mkwe alikuja hapa na mkungu wa ndizi kichwani, akautua, akakaa, akaniuliza kwa neno letu la heshima, "Waitu Koku, mwanangu sasa awe yaya?" Nikamjibu kwamba atakuwa baba, kazi aliyoianza miaka minne iliyopita. Akaona ajaribu njia nyingine. Kwa nini tusibadilishane? Mimi nichukue watoto kwa kuwa ni mama, Projestus achukue mifupa kwa kuwa ana nguvu, halafu yeye ndiye aende. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, kama tunabadilishana vitenge. Projestus alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka.

Baba mkwe, Mzee Lwakatare, hakuja. Alituma maneno tu, kwamba mke akiwa bingwa kabla ya mume, nyumba hiyo imeshapinduka. Yaliniuma, kwa sababu yule mzee nampenda, na ni mimi ninayempima sukari kila mwezi.

Wanauliza pia kwa nini mifupa, kazi ya nyundo na misumeno. Waje wakae pale mapokezi siku moja, waone watu wa bodaboda wanavyoletwa kutoka barabara ya Biharamulo. Mwezi wa tatu nilimpokea mama muuza nyanya aliyevunjika paja. Nilimtuliza maumivu, nikamfunga mguu, nikamwandikia rufaa, maana hapo ndipo ujuzi wangu unapoishia. Ndugu zake walishindwa safari, wakampeleka kwa mtu wa kuvuta mifupa kijijini. Leo anatembea na fimbo, mguu mmoja umekuwa mfupi, na tukikutana sokoni ananisalimia kwa heshima na kuniongezea nyanya, kama vile nilimsaidia. Nimechoka kuongezewa nyanya zile.

Wanasema nisubiri zamu yangu. Nina miaka thelathini na minne, Shangazi. Projestus akitangulia na kurudi, wataulizia mtoto wa pili, kisha wa tatu, kisha mama mkwe ataugua mgongo na atatakiwa mtu wa kukaa naye. Nawajua wakwe zangu na nawapenda, ila kwenye foleni hiyo siingii.

Usidhani nina moyo wa jiwe. Juzi Asimwe aliniuliza nikienda Mwanza nitarudi kabla ya chakula au baada. Nilijifungia bafuni nikalia, nikanawa uso, nikaenda kazini. Naumia sana, na bado nakwenda.

Basi njoo, Shangazi, wala usiahirishe. Siku ya harusi yangu ni wewe uliyenishika mkono ukanikabidhi kwao, na ni haki yako kunisemea. Utaratibu naujua: nitakaa mkekani, nitainamisha kichwa, wewe utaongea. Waambie mtoto wenu anawaheshimu, atawapikia wakija, atawatibu wakiugua. Waambie pia kwamba ruhusa ina jina lake, ameshaisaini, na haiachii.

Kama maneno hayo yatakushinda, sitakulaumu. Nitainua kichwa niyaseme mwenyewe, na Projestus ameniahidi kwamba siku hiyo kiti hakitaki, atakaa nami palepale mkekani. Kesho yake asubuhi nitapanda basi la Mwanza, niwe nimebarikiwa au sijabarikiwa. Ningependa tu, kati ya watu wote, uwe wewe wa kunibebea begi mpaka stendi.

Msalimie sana Mzee Rugaibula, na jirani yako Shamsa aliyenifundisha kupika pweza nikamwaibisha. Kaka yako anakusalimu. Amesema kwenye kikao atakuwepo ila hataongea, na wewe unajua kwamba hataweza kunyamaza. Asimwe anakuomba korosho.

Mungu akushike mkono safari yote kutoka Mtwara mpaka huku, akutunzie goti lako, na akufikishe ukiwa upande wangu.

Mimi mwanao akupendaye, hata ukinikasirikia,

Kokuhirwa